Nimemfunga Jizo

Wifi yangu akija kwetu Hallunda, pembeni mwa Stockholm, hukaa kwenye kiti cha dirishani, na mimi humwachia kiti hicho kwa makusudi. Kutoka pale anakiona vizuri kiwanja chetu cha nyuma, kile kipande cha nyasi wanachopewa watu wa nyumba za chini. Mpakani mwa kiwanja chetu na cha jirani anaiona sanamu ya jiwe, fupi kama ndoo ya maji, imefungwa kamba ya kuanikia nguo kuanzia mabegani mpaka miguuni. Anakunywa chai yake akiitazama kwa pembe ya jicho. Mimi namwongezea sukari. Upepo ukivuma kidogo namwuliza, "Nikufungie dirisha, wifi?" na neno hilo la kufunga nalitamka polepole, silabi kwa silabi. Naiona shingo yake ikikakamaa. Siku hiyo nalala vizuri.

Nitaeleza tulivyofika hapo, na sitajifanya mtu mwema katika kueleza.

Mimi na mume wangu tulipata mtoto mmoja, wa kike, akakaa duniani asubuhi na mchana wa siku moja tu, katika hospitali ya Flemingsberg. Wauguzi walikuwa wema. Sina neno nao. Mama yangu alikuwa amenitumia kutoka Nakuru pea ya leso nyekundu za kumbebea mjukuu wake, nami nilikuwa nimeikata katikati na kupinda kingo kwa mkono, kwa uzi mweusi kwa sababu ndio niliokuwa nao. Kipande kimoja tulimzika nacho. Kipande cha pili ndicho alicholalia kifuani pangu mchana ule wote, na pembeni alicheua maziwa kidogo, doa dogo likakauka likawa gumu. Sikukifua. Nilikitia kwenye mfuko wa plastiki wa kubana, wa kuhifadhia vyakula kwenye friji, nikauweka kabatini chini ya sweta. Nilipotaka kuwa na mwanangu sikutazama picha. Nilifungua mfuko kidogo, nikaingiza pua, nikaufunga haraka harufu isitoroke.

Hiyo harufu ndiyo aliyoniachia. Hakuniachia kitu kingine, na mengine yote nitakayosema yanatoka hapo.

Watu wetu hawakujua la kufanya nami. Tuna kundi la maombi la akina mama, Wakenya, Wakongo, Warundi, Watanzania wawili watatu, tunazunguka nyumba kwa nyumba, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha ingawa kila mmoja anakivuta kwake. Kiongozi wetu ni huyo wifi, dada mkubwa wa mume wangu. Aliponijia baada ya mazishi alinikumbatia akaniambia, "Mke wetu, usimlilie sana. Utapata mwingine." Alisema hivyo kama vile nimeangusha yai jikoni. Nikamwambia asante. Nilikuwa bado na adabu.

Aliyeniuliza habari za mtoto wangu kama mtoto ni jirani yangu, mama mzee wa Kijapani, mjane wa Mswidi. Mimi na yeye tunazungumza Kiswidi, kila mtu na makosa yake. Siku moja nilisimama kiwanjani bila kazi yoyote, yeye akiwa anapalilia, akaniuliza mtoto alikuwa na nywele nyingi au chache. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia nyingi, zimelala kwa upande mmoja. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari muhimu, kisha akaniita nije nimwone mtu wake.

Sanamu ile nilikuwa naiona tangu tulipohamia, lakini nilidhani ni pambo tu, kama vile vijibabu vya kofia nyekundu ambavyo Waswidi huvisimamisha kwenye bustani zao. Ilikuwa na kichwa cha upara, macho yaliyofumba, na shingoni bibu ya kitambaa chekundu, ile ya kumzuilia mtoto mate. Jirani akaniambia kwamba huyu ni Jizo, na kwamba kwao Japani anasimama nje ya mahekalu ya Kibudha na njia panda, na kazi yake ni watoto waliotangulia kufa kabla ya wazazi wao. Watoto hao, alisema, hawawezi kuvuka mto wa wafu kwa sababu hawakuishi vya kutosha kutenda jema lolote. Wanabaki ufukweni wakipanga kokoto moja juu ya nyingine, kumjengea mama na baba minara ya kuwaombea, na kila wanapokaribia kumaliza yanakuja mazimwi yenye marungu yanaibomoa. Hapo ndipo Jizo anapofika, anawaficha ndani ya mikono mipana ya joho lake. Ndiyo maana watu humwekea kokoto miguuni, kuwapunguzia watoto kazi, na humvisha bibu, ajue harufu ya mtoto anayemtafuta.

Aliposema harufu nilimshika mkono. Akanieleza kwamba sanamu ile alitumiwa na kaka yake zamani, alipoharibikiwa na mimba hapa hapa Stockholm, na mumewe, Mungu amrehemu, akaona ni pambo zuri la bustani.

Mimi ni Mkristo na nimebaki Mkristo. Sikumsujudia mtu yeyote wa jiwe. Lakini jirani alimsogeza Jizo mpaka mpakani, awe nusu wake na nusu wangu, na kila niliporudi kutoka kazini Skärholmen, ninakopima macho ya watu na kuwauzia miwani, nilikuwa naokota kokoto moja njiani na kumwekea. Ilinituliza kuliko kuambiwa nitapata mwingine.

Tulikuwa tunakunywa chai pale nje, yeye akinisimulia ya mahekalu ya kwao. Alinisimulia ya mzee maskini aliyezivisha sanamu za Jizo kofia za majani katika theluji, nazo zikamjia nyumbani zikiburuta magunia ya mchele kumlipa. Alinisimulia pia ya hekalu la kijiji chao, ambalo nje lina safu ya akina Jizo wenye pete ya saruji shingoni. Wakati mmoja, kabla bibi yake hajazaliwa, serikali iliamua dini ya Budha ni ya kigeni na ikaitenga na ile ya miungu yao ya asili, basi watu wakapata kisingizio, wakapanda hekaluni na nyundo wakazikata sanamu vichwa. Wanakijiji wengine waliviokota vichwa vile wakavificha kwenye ghala za mpunga. Hasira za watu zilipopoa wakavirudisha, baadhi kwenye miili isiyokuwa yake. Nilimwuliza wale wenye nyundo walifanywa nini. Akasema hakuna aliyewafanya kitu. "Lakini bibi yangu alijua walikuwa ukoo gani," akasema, "na hakumsalimia mtu wa ukoo ule hata siku moja, mpaka akafa. Hata vilembwe wao." Nilimpenda sana bibi huyo.

Mwaka ulipogeuka, siku ya mwanangu ikaangukia Jumapili, na zamu ya maombi ikaangukia nyumbani kwangu. Asubuhi jirani aliniambia siku kama hiyo kwao wangemvalisha Jizo kitu cha mtoto mwenyewe, kwa mchana mmoja tu. Nilisita. Kisha nikaitoa leso kwenye mfuko, nikamzungushia Jizo mgongoni na kumfungia kifuani kama mbeleko, lile doa likiwa upande wa ndani. Lilikuwa jambo zuri kulitazama. Nilijiambia jioni nitairudisha kwenye mfuko wake.

Akina mama wakaja, viatu vikajaa mlangoni, tukaimba. Wifi alikaa karibu na dirisha, na katikati ya wimbo nikaona ameacha kuimba.

"Mke wetu, hiyo sanamu ya nini?"

Sasa, Kiswahili chetu kina jambo hili, kwamba mwanasesere ni sanamu, picha ya jiwe ya mwanasiasa ni sanamu, na ndama wa dhahabu wa jangwani naye ni sanamu. Waswidi wana neno kwa kila kimoja. Sisi ukisema sanamu, kila mtu anaichukua aliyokuja nayo kichwani.

"Ni sanamu ya jirani tu," nikasema.

"Na hiyo leso ni ya jirani?"

Wifi akafumba macho akaomba, na maombi yake yakawa marefu, yakapita kwenye mavazi ya wafu, na madhabahu za siri, na matumbo yaliyofungwa kwa sababu ya vitu ambavyo mtu ameviweka nyumbani kwake bila kujua. Wengine wakaitikia amina kwa sababu ndiyo desturi. Nikaenda jikoni kukaanga sambusa, kwa kuwa ningekaa pale ningemtupia kikombe. Tukala, tukaagana mlangoni kwa kelele zile zetu za kuagana, wengine wakizunguka kwa nyuma kuangalia maua. Nilipomaliza kuosha vyombo nikatoka kwenda kuichukua leso.

Jizo alikuwa amesimama na bibu yake tu. Kokoto zote zilikuwa zimetawanyika kwenye nyasi, na zilikuwa zimepigwa teke; upepo haurushi kokoto.

Sikulia. Nilitafuta chini ya vichaka, nikatafuta kwenye mapipa ya taka ya mtaa mzima, nikaingia mpaka chumba cha kufulia cha jengo letu. Mume wangu alinikuta nimepiga magoti kwenye maua ya watu. Nilipomwambia nani namshuku akashika kichwa. "Huyo ni dada yangu," akasema. "Huna ushahidi. Usiniweke katikati." Basi nikamtoa katikati. Kuanzia hapo ikawa kazi yangu mwenyewe, na niliifanya kwa moyo wote. Niliandika kwa kundi kwenye simu, nikauliza kwa upole nani amebeba leso yangu nyekundu kwa bahati mbaya. Wote wakasema hawajaiona. Wifi ndiye aliyeandika kwa urefu kuliko wote: hajaiona, ila labda ni Mungu mwenyewe ameniondolea.

Nikamsomea jirani yangu maneno hayo kwa Kiswidi. Alikuwa akizipanga upya kokoto, taratibu, kubwa chini na ndogo juu.

"Uliniambia huyu analipa wema kwa mchele," nikamwambia. "Ubaya analipa kwa nini?"

Akacheka, cheko la mtu anayekumbuka jambo tamu. Akaniambia kwamba katika mji mkuu wa kwao zamani kulikuwa na mchuuzi wa vitambaa aliyepumzika kivulini mbele ya Jizo wa hekalu fulani, akalala, akaamka hana mzigo. Akaenda kulia kwa hakimu. Hakimu akasema shahidi yupo, na kama shahidi aliona akanyamaza basi ni mshirika wa mwizi. Akatuma askari wakamkamata Jizo, wakamfunga kamba kuanzia shingoni mpaka miguuni, wakambeba kwenye mkokoteni kupita naye mjini. Watu waliacha kazi zao kufuata kioja hicho, wakicheka, wakamiminika mpaka ndani ya ua wa mahakama. Hakimu akaamuru lango lifungwe. Kisha akawageukia akawaambia mahakama si mahali pa mchezo, na kila mmoja atalipa faini ya kipande cha kitambaa. Vitambaa vikaletwa, mchuuzi akapita akivikagua kimoja kimoja, mpaka akafika kwenye chake. Sanamu ile ingalipo, alisema jirani. Mpaka leo mwenye kuibiwa huenda hekaluni akamfunga Jizo kamba, na kilichopotea kikirudi anakwenda kumfungua. Mwisho wa mwaka watawa humkata kamba zote, aanze upya.

Nilinyanyuka kabla hajamaliza chai yake. Kamba yangu ya kuanikia nguo ilikuwa ya nailoni ya kijani kibichi, niliinunua sokoni Skärholmen. Nilimzungushia Jizo kwa nguvu zangu zote, mkazo juu ya mkazo, huku jirani akinishikia fundo kwa kidole. Nilimwambia Jizo kwa Kiswahili, ili nisikosee hata neno moja: "Umeona. Utakaa hivi mpaka useme."

Ndipo nikachukua simu nikaandikia kundi letu. Niliandika kwa hasira, vidole vikiruka, na haya ndiyo niliyoandika: *Nimefunga. Sitafungua mpaka leso ya mwanangu irudi.*

Nilifikiri nimewaambia habari za kamba. Hata dakika haikupita, amina zikaanza kuingia. Dada mmoja Mrundi aliandika: *Mungu akutie nguvu, na mimi nafunga pamoja na wewe.* Mkongo mmoja akaweka moyo na mikono ya maombi: *Maman, sisi wote tunafunga.* Mwingine akauliza kama ni mfungo wa maji au mkavu. Nilikaa nikiisoma ile simu nikashindwa kuelewa, halafu nikaelewa, nikaziba mdomo kwa kiganja. Walidhani nimefunga kula. Walidhani mama aliyefiwa na mtoto ameapa kutotia kitu mdomoni mpaka aione leso yake.

Ningeweza kuandika sentensi moja nikawatoa gizani. Nilikuwa nimeshaanza kuiandika. Hapo ukaingia ujumbe wa wifi, mfupi safari hii: *Kama kiongozi, natangaza sote tufunge naye. Na mimi nimo.*

Wifi yangu hawezi kukaa bila kula. Ni mtu anayebeba ndizi kwenye mkoba wa kanisani. Niliifuta ile sentensi yangu, nikaenda jikoni nikasonga ugali mkubwa, jirani akaleta samaki wake wa kuchoma na mchuzi wa soya, tukala pazia likiwa limeteremshwa. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile. Kila tonge nililila kwa jina la mtu fulani.

Siku zile zilikuwa za raha kwangu, sitaficha. Wifi alipiga simu mchana, sauti imepwaya, akitaka kujua naendeleaje. Mimi nami nilipunguza sauti. Nikamwambia nguvu zinaisha, lakini kiapo ni kiapo. "Kunywa hata uji," akasihi. Nikamwuliza, "Wewe umekunywa?" Nikasikia tumbo lake likinguruma kwenye simu, au labda nilitaka kulisikia. Huyo mtu alikuwa anashinda na njaa akimwomba Mungu airudishe leso, na mimi nilikuwa na hakika kama mchana kwamba leso iko kabatini mwake. Mume wangu aliyaona yote hayo, akaniona nikila, akamsikia dada yake akilalamika, akajifanya mgeni nyumbani mwake.

Walipoanza kuogopa kwamba nitakufa, nikaandika tena. *Anayetaka nifungue aje Jumamosi mchana, na kila mtu aje na kitambaa mkononi.* Hawakuuliza kwa nini. Kwetu ukienda kumfariji mtu huendi mikono mitupu.

Walikuja wote. Niliwafungulia mlango nikiwa nimejaa mashavu, nimepaka mafuta, nimevaa vizuri. Nikawaona wanavyotazamana. Wifi alikuwa amekonda kidogo, na mdomo umekauka. Kila mtu alitaka kuuweka mfuko wake juu ya meza, wifi akiwa wa kwanza, mkono wake umeshanyooka.

"Hapana," nikasema. "Kila mtu akae na wake."

Akaurudisha mapajani, akaushika kwa mikono miwili. Mtu asiyeona mstari wa chini kwenye ubao wangu wa herufi, na hataki nijue, hukaa hivyo hivyo.

Nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikalivuta kando pazia la upande wa kiwanja. "Nilisema nimefunga," nikawaambia. "Niliyemfunga ni yule."

Walisogea dirishani. Jizo alisimama jua likimpiga, amezungukwa na nailoni ya kijani, macho yake yamefumba, na ng'ambo ya kiwanja jirani yangu ameketi na kikombe chake kama mtu aliyekata tiketi. Wa kwanza kusema ni yule dada Mkongo.

"Ye Yezu! Kumbe tuko nafunga bure? Juu ya jiwe?"

Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini sakafuni, njaa na aibu na nafuu vikichanganyika, mmoja akauliza kama basi naweza kuwapa chai. Nikawaambia chai ipo, sambusa zipo, ila kwanza watanisikiliza. Nikawasimulia habari za mchuuzi na hakimu. Nilipofika mahali lango linapofungwa, kicheko kilikuwa kimeshapungua, na nilipofika kwenye faini ya vitambaa kilikuwa kimekwisha. Wanawake wale si wajinga. Kila mmoja akautazama mfuko wa mwenzake.

Nikapita kwa mmoja mmoja. Mrundi alinipa kitenge cha buluu, nikambusu. Mkongo alinipa kitenge kizito cha njano, kizuri mno. Mtanzania alinipa kanga. Nilikuwa navifungua, navisifu, naviweka begani, na sikuwa na haraka. Wifi nilimwacha wa mwisho.

Akatoa leso mpya, bado ina karatasi ya dukani, akaninyooshea. Nikaipokea. Mfuko ulibaki mapajani, bado umetuna.

"Na cha chini, wifi?"

"Ni changu."

"Nionyeshe kilicho chako."

Hakusogea. Nikaingiza mkono mwenyewe, mbele ya wote, nikavuta. Nyekundu, pindo la mkono, uzi mweusi. Dada mmoja akasema "Mama yangu!" kwa sauti ndogo. Nilimtazama wifi nikamwona amekuwa mzee ghafla, na nilifurahi. Nilikuwa nimeisubiri sura ile, na ilikuwa kama nilivyoitaka.

"Nilifanya kwa ajili yako," akasema. Alikuwa analia. "Ulikuwa unamvisha sanamu nguo ya marehemu. Tumbo lako litafunguka vipi? Nilitaka kuirudisha. Leo nilitaka kuirudisha, Mungu ananiona. Niliiombea, mke wetu. Nikaipaka mafuta ya upako. Nikaifua vizuri, nikaipiga pasi—"

Mengine sikuyasikia. Nilikuwa nimeileta puani. Nikageuza pembe ile, nikaitafuta kwa kidole ile sehemu ngumu, nikaikosa. Ilikuwa laini yote. Ilinukia maua, yale maua ya dawa ya kulainishia nguo inayouzwa kwenye chupa za zambarau, na chini ya maua ilinukia nyumba ya wifi yangu.

Nilipiga ukelele hata jirani kule nje akaangusha kikombe chake. Akina mama walinishika. Sikumbuki nani alifungua mlango wala walivyoondoka, nakumbuka vitambaa vyote viko sakafuni nami nimekaa katikati yake.

Wifi aliacha kuongoza maombi. Hakuna aliyemwambia aache. Watu hawamwiti kwenye arusi kuombea chakula kama zamani, na mtu akipoteza kitu, hata mwavuli, kuna atakayekohoa. Aliomba msamaha mbele ya mume wangu, mbele ya mchungaji, mbele ya kila mtu. Nikasema nimesikia. Sikusema nimesamehe, na mchungaji hakutambua tofauti.

Mwisho wa mwaka ulipofika, jirani yangu alikuja na mkasi wake wa bustani, theluji imemfikia Jizo kifuani. Alisema kitambaa kimepatikana, desturi ni kumfungua, na hata kama kisingepatikana, leo kamba zote hukatwa. Nikamwambia kwamba kilichoibiwa hakijarudi. Akafuta theluji kwenye kichwa cha upara kwa kiganja, akaurudisha mkasi mfukoni. Nadhani alimkumbuka bibi yake.

Wifi bado anakuja, kwa sababu mume wangu ni ndugu yake na mimi sijamfungia mtu mlango. Anakaa dirishani. Juzi aliweka kikombe chini, akajikaza, akaniuliza:

"Utamfungua lini, mke wetu?"

Nikaenda chumbani. Nikarudi na leso, nikasimama karibu naye, nikamwekea puani, taratibu, kama unavyompangusa mtoto kamasi.

"Inanukia nini?"

Alivuta pumzi. "Sabuni," akasema.

"Siku itakaponukia mtoto," nikamwambia, "nitamfungua."

Nikamwongezea chai.